Presi ya kufulia chuma, tani 1,000, inang'ang'ania chini: kosa ni moto, kipimo, grisi au mikanda?

#1 Fundi Krenki

Wakuu habari. Naomba tujadili presi ya krenki ya kufua chuma cha moto, tani 1,000. Mwendo wa ramu (kichwa kinachoshuka kupiga) ni 220 mm, mapigo 90 kwa dakika. Flaiwili (gurudumu zito linalotunza nishati) iko kwenye shafti ya nyuma, mizunguko 300 kwa dakika. Klachi na breki ni za hewa, bar 5.5. Fremu ni ya vipande, imebanwa na nondo nne za kipenyo cha 200 mm.

Kazi ni gia ghafi za chuma C45, kipenyo 120 mm, unene 20 mm. Kipande kinakatwa kwa mkasi, kipenyo 50 mm, urefu 120 mm, kilo 1.85. Kinapigwa mara mbili: kwanza kinabonyezwa kifupike, kisha kinaingia kwenye dai (chuma kilichochongwa umbo la gia) ya kumalizia. Fleshi, yaani chuma cha ziada kinachotoka pembeni, ni ya unene wa milimita 2. Pairomita (kipimajoto kisichogusa) ya tanuri la induksheni (linalopasha kwa koili ya umeme) inasoma nyuzi 1,220.

Ndani ya wiki moja ramu imeng'ang'ania chini mara tatu. Mbili zilitokea baada ya saa moja na nusu hivi ya kazi, ya tatu ni pigo la pili tu baada ya mapumziko ya mchana. Kabari ya meza (ya kupandisha na kushusha meza ya chini) haijaguswa na dai ni zile zile. Asubuhi mashine inapiga vizuri kabisa. Kosa litafutwe wapi?

#2 Moto Kwanza

Mkuu, kabla hujashika spana, taja tanuri ni kilowati ngapi, masafa yake ni yapi, na mnatoa vipande vingapi kwa dakika.

#3 Fundi Krenki

Kilowati 300, kilohezi 3. Vipande vinane kwa dakika.

#4 Moto Kwanza

Basi hesabu hiyo hapo. Vinane mara kilo 1.85 ni kilo 14.8 kwa dakika, yaani kilo 888 kwa saa. Tanuri la namna hii hula kilowati-saa 0.35 hadi 0.45 kwa kila kilo kufikisha 1,200 na zaidi. Ukichukua 0.4 unahitaji kilowati 355, nawe una 300. Tanuri linasukumwa kupita uwezo wake.

La pili ni masafa. Kwa kilohezi 3, chuma kikishapita nyuzi 770 na kupoteza usumaku, umeme unaingia takriban mm 10 tu kutoka juu. Nusu ya kipenyo chako ni mm 25. Katikati panasubiri joto litambae lenyewe, na kwa mwendo wenu halipati muda. Kilohezi 1 ingeingia mm 17, na hiyo ndiyo inayofaa kwa kipenyo cha 50.

Pairomita inaona ngozi peke yake. Ngozi ikisoma 1,220, moyo wa kipande unaweza kuwa chini kwa nyuzi mia na zaidi. Na kati ya 1,200 na 1,000 ukaidi wa chuma unapanda karibu mara mbili. Toboa kipande tundu la mm 3 hadi katikati, ingiza thamokapo (waya wa kupimia joto) ya aina S, kipitishe kwenye koili kwa mwendo ule ule, ndipo utajua.

#5 Vanieri

Namheshimu Moto Kwanza, lakini mimi nianze na mkasi. Nondo ya kukatia vipande ikija mm 51 badala ya 50, na kizuizi cha urefu hakijasogezwa, ujazo unatoka sentimita za ujazo 235.6 hadi 245.1. Asilimia 4 tu, gramu 75, na kwa macho huoni kitu.

Sasa tazama ndani ya dai. Gia yenyewe inachukua kama 227, fleshi inapata kama 8 au 9 hivi. Zile 9.5 za ziada hazina mahali pengine pa kwenda isipokuwa kwenye fleshi. Fleshi inakuwa maradufu! Nayo ni nyembamba, imelala kati ya vyuma viwili vya baridi, inaganda kabla ramu haijafika chini. Hapo presi haifui tena chuma cha moto, inabana sahani iliyoganda.

Usipime vipande kwa urefu, vipime kwa mizani. Kipande cha kilo 1.85 kikizidi gramu 25 kitupe pembeni.

#6 Fundi Krenki

Asanteni. Vanieri, nondo zilizopo zimetoka mafungu mawili tofauti. Nitapima.

#7 Grisi Mlangoni

Wote wawili mnaeleza kwa nini nguvu inapanda. Hamjaeleza kwa nini ramu *hairudi*. Hayo ni mambo mawili.

Presi ya namna hii ina krenki nene. Chukulia shingo za krenki zinazokaa kwenye fremu zina nusu kipenyo cha mm 200, na ekseni inayobeba konrodi (mkono unaosukuma ramu) mm 280. Jumla 480. Grisi ikiwa nzuri, msuguano ni kama 0.05, kwa hiyo mkono wa msuguano ni mm 24. Mkono wa krenki wenyewe ni nusu ya mwendo, mm 110, ukizidishwa kwa saini (sin) ya pembe iliyobaki kufika chini. Palipo na pembe ndogo kuliko nyuzi 12 na nusu hivi, mzigo wa chini hauwezi kuisukuma krenki irudi, hata ungekuwa tani elfu mbili. Ni sawa na kabari iliyopigwa kwenye mpini.

Sasa grisi ikikosekana, msuguano ukafika 0.1, eneo la kujifunga linapanda hadi nyuzi 26. Kwa kimo ni kutoka mm 2.7 hadi karibu mm 11 juu ya sehemu ya chini kabisa. Yaani mashine ile ile, dai ile ile, inapata mtego mrefu mara nne.

Na bushi za shaba zinazobeba krenki hupata moto baada ya saa moja na nusu. Hapo ndipo grisi nyepesi inapokimbia. Nenda kwenye kigawa grisi, angalia kila pini inacheza? Pini moja isiyocheza ni mrija mmoja ulioziba.

#8 Moto Kwanza

@Grisi Mlangoni hesabu yako nzuri, lakini ile ya baada ya chakula? Bushi zilishapoa nusu saa.

#9 Grisi Mlangoni

Na moyo wa kipande nao ulishapata nusu saa ya kusambaza joto ndani ya koili, mkuu. Nadharia yako nayo inapwaya hapo hapo.

#10 Moto Kwanza

Hapana. Wakati wa mapumziko nguvu inashushwa, vipande vilivyo mdomoni mwa koili vinapoa. Vile vya kwanza havifai hata kimoja. Ndiyo maana linawekwa lango la kuchuja linaloendeshwa na pairomita: kilicho nje ya nyuzi 30 juu au chini ya kipimo kinaanguka kwenye pipa lake, hakifiki kwa mpigaji. Krenki, lango mnalo?

#11 Fundi Krenki

Lango lipo, silinda yake ya hewa imefungwa kwa sababu lilikuwa linatupa vipande vingi.

#12 Moto Kwanza

Lilikuwa linasema kweli. Lifungulieni leo.

#13 Mkanda wa V

Mbona flaiwili hakuna anayeitaja? Presi ya krenki inaishi kwa nishati iliyotunzwa pale. Chukua flaiwili yenye inesha (ukinzani wa kubadili mzunguko) ya 2,000 kwa vipimo vya kilo na mita za mraba. Kwa mizunguko 300 ina kilojuli 987. Ukiruhusu ipungue mwendo asilimia 15 kwa pigo, unapata kilojuli 274 za kufulia. Mikanda ikiteleza, flaiwili ikaanza pigo ikiwa na 250, akiba yote inashuka kwa asilimia 31. Dai inadai kilekile, mfuko una pungufu.

Na mikanda huteleza ikishapata moto, kama huyu anavyosema: asubuhi safi, baadaye tabu. Piga takometa (kipima mizunguko) kabla ya pigo na baada ya pigo.

#14 Vanieri

@Mkanda wa V tutenganishe. Kuna kukwama kwa kuishiwa nishati, na kuna kukwama kwa kubana kupita kiasi. Ya kwanza ramu inasimama juu juu, ya pili inasimama karibu kabisa na chini. Krenki, kwenye shafti kuna alama ya nyuzi? Ilisimama wapi?

#15 Fundi Krenki

Ipo bamba yenye nyuzi mbele ya breki. Mara ya mwisho ilisoma nyuzi 7 kabla ya chini. Mbili za mwanzo hazikuandikwa.

#16 Vanieri

Nyuzi 7 kwa mkono wa mm 110 ni mm 0.8 tu kutoka chini. Hiyo ni kubana kupita kiasi.

#17 Mkanda wa V

Sikubali moja kwa moja. Flaiwili iliyojaa ingemalizia hizo 0.8 ikapita upande wa pili na kupanda. Iliyochoka ndiyo inayofia pale. Kwa hiyo nyuzi 7 zinatutetea sote wawili.

#18 Bibi Mhandisi

Wakati mnabishana chanzo, tuweke hapa namna ya kuinasua, maana watu huumia kwenye kunasua kuliko kwenye kufua.

Kwanza soma ile bamba: ramu imekwama *kabla* ya chini au *baada* ya kupita chini? Ikiwa kabla, kama hii, krenki irudi ilikotoka. Ikiwa imeshapita, iendelee mbele. Ukiirudisha iliyopita unaipitisha tena chini na kuibana upya.

Kurudisha: zima, weka kufuli lako kwenye swichi kuu, subiri flaiwili isimame kabisa. Badilisha nyaya mbili kati ya tatu za mota. Kagua nati ya flaiwili isije ikafunguka kwa kuzunguka kinyume, na pampu ya grisi, kama inaendeshwa na shafti, huenda isisukume kitu kinyume, hivyo jaza bushi kwa mkono kwanza. Washa, acha flaiwili ifikie mwendo wake kamili. Hewa ya klachi ipandishwe hadi kikomo kilichoandikwa kwenye kibati chake, usipite. Kutoka 5.5 hadi 7 pekee kunaongeza zaidi ya robo ya nguvu. Kisha ingiza klachi kwa pigo moja la haraka. Usiiache iteleze, utachoma bitana ya klachi. Jaribu mara tatu nne, acha ipoe kati ya jaribio na jaribio.

Ikikataa, nenda kwenye kabari ya meza. Jeki ya haidroliki upande mwembamba, kabari ilegee hata mm 1, mzigo umekwisha. Kama kabari imeganda kwa magamba na grisi iliyoungua, kinachofuata ni kupasha nondo za fremu ili zirefuke. Kukata dai kwa gesi ni la mwisho kabisa, na asisimame mtu mbele ya dirisha la presi. Fremu iliyonyooka mm 2 chini ya tani 1,000 imeshika kilojuli 10, na inaziachia kwa mpigo mmoja.

#19 Fundi Krenki

Bibi Mhandisi shukrani. Sisi tuliivuta kwa kurudisha mota, ikatoka jaribio la pili. Kabari haikujaribiwa kabisa.

#20 Bibi Mhandisi

Basi ijaribuni sasa ikiwa haina mzigo. Kabari isiyosogea siku ya amani haitasogea siku ya vita.

#21 Nati Nne

Kwa kuwa nondo za fremu zimetajwa: zina mvuto wake unaotakiwa? Kanuni ya kawaida ni zibanwe kwa jumla ya mara 1.3 hivi ya nguvu ya presi. Kwa tani 1,000 ni tani 325 kila nondo. Kwa kipenyo cha 200 na urefu wa mita 4, nondo inarefuka mm 1.9. Ongeza 0.4 ya fremu yenyewe kubanwa, unapata 2.3. Kwa uzi wa hatua ya mm 6, nati inatakiwa izungushwe nyuzi 138 baada ya kugusa. Ukipasha kwa hita ya ndani, nondo iwe na joto la nyuzi 48 hivi kuzidi fremu, zungusha nati kwa mkono hadi alama, acha ipoe.

Zikilegea, utaona mafuta yanapumua kwenye maungio ya fremu kila pigo, na fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya mm 0.05 inaingia. Fremu inafunguka, gia inatoka nene, mpigaji anapandisha kabari kufidia. Hapo ndipo mnaponaswa.

#22 Vanieri

Krenki amesema kabari haijaguswa.

#23 Nati Nne

Haijaguswa wiki hii. Mwezi uliopita je?

#24 Reli za Ramu

Wakuu, mmeacha kitu cha mbele kabisa: reli zinazoiongoza ramu. Ramu yenye upana wa mm 800 ikipata moto nyuzi 60 kuzidi fremu inatanuka karibu mm 0.58, yaani 0.29 kila upande. Kama reli zake ni za mtindo wa zamani, bapa zinazotazamana, na asubuhi ulizipa nafasi ya 0.15, baada ya saa moja na nusu nafasi haipo. Ramu inasuguana na fremu kushuka na kupanda. Presi za baadaye zimepanga reli kwa mshazari kuelekea katikati ya ramu, umbo la X, ili ramu ikitanuka iteleze sambamba na uso wa reli, nafasi isiliwe. Angalia rangi ya uso wa shaba: ukiona mistari mirefu inayong'aa upande mmoja, umepata jibu.

#25 Parafujo

Swali langu ni moja. Kwa nini gia kama hizi zisifuliwe kwa presi ya parafujo? Haina sehemu ya chini iliyopangwa. Flaiwili inazungusha parafujo, nishati ikiisha ramu inasimama na kurudi. Haiwezi kung'ang'ania kama krenki.

#26 Grisi Mlangoni

Na ukimpa kipande chembamba au ukapiga dai tupu, nishati yote iliyobaki inaingia kwenye fremu na nati ya shaba. Krenki inajua kimo, parafujo inajua nishati. Tena krenki inavumilia kazi mbili zilizokaa sambamba kwenye meza moja kuliko parafujo, ambayo mzigo wa pembeni unaipinda. Huyu ana pigo la kubonyeza kushoto na la kumalizia kulia.

#27 Parafujo

Klachi ya kuteleza kwenye flaiwili inashughulikia hiyo ziada. Lakini la mzigo wa pembeni nakubali.

#28 Nyundo Nzito

Mngerudi kwenye nyundo mngepumzika. Pistoni, fimbo, kichwa, fuawe. Inagusa chuma kwa milisekunde chache tu, dai haipati muda wa kuchemka. Nasmyth aliitengeneza 1839 na mpaka leo inapiga.

#29 Bibi Mhandisi

Sahihisho kidogo @Nyundo Nzito. 1839 James Nasmyth aliichora tu, kwa ajili ya shafti ya meli Great Britain. Ya kwanza kujengwa ilikuwa Le Creusot, Ufaransa, mwaka 1840, kazi ya François Bourdon. Hataza ya Nasmyth ni ya 1842. Na pale Le Creusot mwaka 1877 wakajenga ya tani 100, leo imesimama kama mnara wa kumbukumbu.

Nyundo nayo ina deni lake: fuawe inatakiwa iwe na uzito kama mara 20 ya kichwa, la sivyo pigo linaingia ardhini na majirani wanahama. Na fimbo ya pistoni inakatika kwa uchovu pale inapoingia kwenye kichwa.

#30 Nyundo Nzito

Nimepokea, Bibi. Fimbo ni kweli.

#31 Msomaji wa Kamusi

Nimefuatilia kimya. Kwa nini mnasema "dai" na kalibu ipo? Na "fuawe" mmelitumia vizuri, linatoka kwenye kufua. Kitenzi hicho hicho kwa nguo na kwa chuma, maana kote ni kupiga.

#32 Vanieri

Kalibu karakana nyingi ni ya kumimina, chuma kikiwa maji. Ya kufulia mafundi wanaita dai. Ukimtuma kijana stoo alete kalibu atarudi na sanduku la mchanga.

#33 Nati Nne

Wafipa walikuwa wanayeyusha chuma kwenye matanuri marefu, malungu, kabla ya haya yote, na wahunzi wao walikuwa na jina la kila chombo. Maneno tunayo, tuyatumie. Samahani kwa kutoka nje ya mada.

#34 Fundi Krenki

Wakuu nimerudi na vipimo vya leo.

Vipande 40 kwenye mizani: kuanzia kilo 1.84 hadi 1.92. Kipenyo 49.9 hadi 50.9.
Flaiwili: asubuhi 299, baada ya saa moja na nusu 262 kabla ya pigo.
Nafasi ya reli ikiwa ya moto: kulia 0.12, kushoto fila ya 0.03 inaingia kwa shida.
Kigawa grisi: pini tisa zinacheza, ya bushi ya nyuma ya fremu haichezi.
Lango limefunguliwa. Limetupa vipande 11 kati ya 60 vya kwanza baada ya chakula.
Thamokapo bado.
Kabari imegoma kwa jeki ya tani 50.

#35 Mkanda wa V

262! Akiba imeshuka kutoka kilojuli 987 hadi 753. Asilimia 24 imepotea kabla hata chuma hakijaguswa. Kaza mikanda, kama imekomaa badilisha yote kwa pamoja, usichanganye mipya na mizee.

#36 Grisi Mlangoni

Flaiwili inapungua mwendo kwa sababu kuna kinachoivuta. Bushi ya nyuma haina grisi! Mikanda inateleza kwa kuwa imezidiwa. Usinunue mikanda kabla ya kuzibua mrija.

#37 Reli za Ramu

Au inavutwa na reli ya kushoto yenye 0.03. Na upande mmoja kubana maana yake ramu imeegemea: pigo la kumalizia ndilo zito, liko kulia, ramu inapinda kidogo kila mara.

#38 Moto Kwanza

Kumi na moja kati ya sitini. Sitasema zaidi hadi thamokapo ije.

#39 Vanieri

Kilo 1.92 ni gramu 70 za ziada. Hicho kipande pekee kinatosha kuikwamisha, hata grisi ikiwa inachuruzika.

#40 Bibi Mhandisi

Fundi, usirekebishe vitano kwa siku moja, hutajua kipi kilikuwa kipi. Kesho kabla ya kazi, presi ikiwa baridi, toa dai, weka vipande vinne vya risasi vya kimo kimoja kwenye pembe nne za meza, shusha ramu pigo moja, vipime kwa maikromita. Rudia baada ya saa moja na nusu. Tofauti ya kushoto na kulia ikiongezeka kwa joto, reli na bushi zinaanza. Ikibaki ile ile, mkasi na tanuri vinaanza. Lakini kabari iliyogoma haisubiri kipimo, hiyo ifunguliwe usiku huu.

#41 Fundi Krenki

Risasi ipo. Kabari tumeimwagia mafuta mepesi tangu saa kumi, tunapasha upande mnene taratibu kwa gesi. Tani 50 bado. Tumeagiza jeki ya 100.

#42 Nati Nne

Wakati mnaisubiri hiyo jeki, pitisha fila kwenye maungio ya fremu. Dakika kumi tu.